Uzi: Saini ya stima yako ni ya nani?

Kila msimu wa kampeni ukifika Lunga Lunga, lazima stima izungumzwe. Huyu anasimama juu ya gari anasema sambaza ni wizi, kila fundi asiye na leseni akamatwe. Kesho yake anakuja mwingine na spika kubwa zaidi, anasema hawa ni vijana wanaojitafutia, waachwe. Sisi huku mitandaoni tunachagua upande na kutukanana hadi usiku wa manane. Sijaona hata mmoja akiuliza: ni nani huja kuangalia zile waya?

Wacha turudi nyuma kidogo, kwa sababu hili jambo ni la zamani kuliko wagombea wote.

Stima ya Nairobi ilianza kama biashara ya wenye mtaji. Mwaka 1922 kampuni ya Nairobi na ile ya Mombasa ziliunganishwa zikawa East African Power and Lighting. Jina hilo lilidumu hadi 1983, ndipo likaja Kenya Power and Lighting. Nyaya zilimfuata mteja wa kulipa: ofisi za mjini, nyumba za wakubwa, viwanda vya kando ya reli. Kibarua aliyekuwa akiwasha mashine ya tajiri mchana, wengi wao jioni waliwasha koroboi.

Kisha ikaja shida ya ardhi. Sehemu kubwa ya Mukuru, kuanzia kwa Njenga, kwa Reuben hadi Viwandani, iligawiwa watu binafsi kwa ajili ya viwanda. Viwanda vingi havikujengwa. Watu wakaweka mabati, kandokando ya mto Ngong na hata chini ya nyaya kubwa za umeme. Kufikia Agosti 2017, kaunti ilipolitangaza eneo hilo kuwa la mipango maalum, zilikuwa zinakaa hapo kaya kama 100,000. Nyaya zinapita juu ya paa lako, lakini hazikuhusu!

Ukitaka mita unahitaji makaratasi ya aina mbili. Ya kwanza yanaonyesha una haki gani na hiyo nyumba. Ya pili ni cheti cha wairingi, kilichotiwa saini na mkandarasi mwenye leseni, kusema kwamba kazi ya ndani imekamilika na ni salama. Mtu wa Mukuru alikwama kwenye ya kwanza, kwa hivyo ya pili hata hakuifikia. Hapo ndipo sambaza ilipata soko. Waya mmoja unatoka kwa transfoma au kwa mita ya mtu, unagawanywa ploti nzima, na kila mwisho wa mwezi unalipa bei moja hata kama balbu yako ni moja tu. Wanaosema watu wa sambaza hawalipi stima hawajawahi kugongewa mlango tarehe tano.

(Kuna wale hutaja moto wa Sinai wa 12 Septemba 2011 kama mfano wa hatari ya sambaza. Hapana. Ule ulikuwa petroli iliyovuja kutoka kwa bomba, na zaidi ya watu 100 walikufa. Sambaza ina makosa yake ya kutosha, tusiibebeshe na hilo.)

Sasa tuje kwa leseni. Sheria ya umeme ya 1997 ilileta bodi ya kusimamia sekta. Ya 2006 ikaibadilisha ikawa tume, na ya 2019 ikatupa EPRA. Majina yamebadilika, ila sharti ni lile lile: kazi ya stima ya nyumba ifanywe na mwenye leseni. Kanuni za 2012 ziliweka madaraja, kutoka C2 chini hadi A1 juu, na kuna leseni ya fundi mwenyewe na leseni ya mkandarasi. Sipingi. Stima huua, na haiulizi kama wewe ni mnyonge.

Lakini nilipomtafutia mama mita ya nyumba yake Kayole, nilijifunza jinsi hiyo kazi hufanyika. Fundi wetu alikuwa mzee wa Viwandani, amefunga mashine za viwanda vya Enterprise Road miaka kumi na mbili. Alivuta waya vizuri, akachimba akaweka ule wa kwenda ardhini, akapima kila soketi mbele yangu. Leseni hana. Kwa hivyo tukatafuta mkandarasi wa mjini. Alinipigia simu akauliza swali moja tu: "Vyumba ni vingapi?" Nikamtumia elfu tatu na mia tano, cheti kikaja kimejazwa. Hakuwahi kukanyaga Kayole.

Mzee alikisoma, akacheka. "Kazi ni yangu, jina ni lake. Ikiungua kijana wangu, utamtafuta nani?"

Sikuwa na jibu. Na kumbuka, hiyo nyumba ya mama iko ndani ya sheria kabisa!

Mtu atasema, si huyo mzee aende asajiliwe? Ofisi ya NITA, wanaosimamia mitihani ya gredi, iko Commercial Street, hapo hapo Industrial Area. Kutoka kwake anatembea kwa miguu. Lakini gredi peke yake haimpi ruhusa ya kutia saini. Kuna ombi la EPRA, ada, mahojiano, kisha leseni ikiisha unaanza kulipa tena. Kwa mtu anayepata nyumba mbili kwa mwezi, kukodi saini ni rahisi zaidi. Serikali imemsifu fundi wa jua kali tangu ripoti ya ILO ya 1972, na 1992 ikamtungia waraka mzima wa sera. Sifa anazo tele.

Sehemu inayosahaulika kwenye mijadala ni hii. Kenya Power walijaribu kwanza kukata waya za sambaza kwa nguvu. Watu wakarudisha. Baadaye, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wakabadilisha mbinu, wakaanza kuongea na wakazi na kushusha ada ya kuunganishwa mitaa ya mabanda hadi shilingi 1,160. Katika mwaka mmoja, hadi 2015, kaya zenye stima halali kwenye mitaa hiyo nchini zilitoka 5,000 zikapita 150,000. Mwaka huo huo Last Mile ikashusha ada ya kawaida kutoka 35,000 hadi 15,000, na asiyeweza kugharamia wairingi akapewa redi bodi, ule ubao uliokwisha fungwa soketi na swichi. Yaani kwa nyumba hizo kilichoaminiwa ni kifaa. Hakuna aliyemtuma mwenye nyumba akakodi saini.

Uingereza nao walipobana kazi za stima za nyumbani mwaka 2005, waliacha mlango wa pili. Ukiwa kwenye mpango wa usajili unajithibitishia kazi yako. Usipokuwa, unaarifu ofisi ya ujenzi ya eneo kabla ya kuanza, unalipa, kazi inakaguliwa. Huo mlango ndio sisi hatuna.

Najua jibu litakalokuja kwenye maoni: mkaguzi naye atakula kitu kidogo. Anaweza. Lakini leo tunalipia karatasi bila hata mtu kufika mlangoni. Swali gumu zaidi ni nani atamlipa huyo mkaguzi, kwa sababu ada ikizidi ya saini ya kukodi, tutarudi kwa simu ya "vyumba ni vingapi". Hapo ndipo ningependa mgombea yeyote atupe hesabu, badala ya spika.

Mzee amefanya mtihani wa gredi mwaka huu, akapita. Wiki jana alimaliza nyumba nyingine Umoja, na akanipigia kuuliza kama bado nina namba ya yule mkandarasi.