Wauguzi Walinganishwe na Nani? Kiharusi, Zamu za Usiku na Kosa la Kipimo

Hoja hii husikika kila mjadala wa afya kazini unapowafikia wauguzi: muuguzi anaijua presha, hupimwa na mwenzake bila foleni, dawa haziko mbali. Basi hatari yake ya kiharusi ikilingana na ya watu wengine, au ikipungua, taaluma imemkinga. Napinga hitimisho hilo, na kabla yake napinga kipimo kilicholizaa.

Hao "watu wengine" ni akina nani? Utafiti ulioongozwa na Richard Walker nchini Tanzania, kati ya Juni 2003 na Juni 2006, ulipata visa vipya vya kiharusi 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, na 315.9 Dar es Salaam, umri ukiwa umesawazishwa. Nchi moja, tofauti karibu mara tatu. Muuguzi yuleyule, mwenye mishipa ileile, anaweza kuonekana salama akipimwa kwa jiji na kuonekana yumo hatarini akipimwa kwa Hai.

Tena jamii kwa jumla imebeba wagonjwa ambao kazi imeshawatema. Muuguzi aliyepandwa na presha huomba kuondolewa naiti, huhamishiwa kliniki, mwishowe huacha kazi. Kiharusi kikimkuta nyumbani, anahesabiwa upande wa pili. William Ogle aliligusa jambo hili Uingereza tangu 1885. Sioni wa kubishana naye.

Ushahidi ninaouamini zaidi unatoka Marekani, katika uchunguzi wa wauguzi wanawake ulioanzishwa na Frank Speizer mwaka 1976 ukiwa na washiriki wapatao 121,700. Uzito wake ni kwamba wauguzi walilinganishwa na wauguzi, na aliyeacha kazi aliendelea kutumiwa dodoso nyumbani kwake. Hakupotelea upande wa pili. Mwaka 1988 waliulizwa ni miaka mingapi wamefanya zamu za kupokezana zenye naiti zisizopungua tatu kwa mwezi. Uchambuzi uliochapishwa 2009 uliwafuatilia 80,108 kati yao, na 1,660 walipata kiharusi cha mshipa kuziba. Kila miaka mitano ya zamu hizo iliambatana na ongezeko la hatari la asilimia 4.

Wapo watakaosema asilimia 4 ni kidogo mno. Mipaka ya makadirio hayo, asilimia 1 hadi 7, haikugusa sifuri. Na ikiwa mwelekeo haubadiliki, miaka thelathini ya zamu inalimbikiza ongezeko linalozidi robo. Hilo si dogo kwa mtu aliyekesha akiwauguza wengine.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wauguzi hao walikuwa Wamarekani, wengi wao weupe. Nakubali kwamba asilimia yenyewe haiwezi kuhamishiwa Temeke au Moshi. Kinachohamishika ni swali, na kwetu huenda jibu likawa kali zaidi, kwa kuwa wodi zina wauguzi wachache na naiti humrudia mtu upesi.

Kwa hiyo jalada la afya la kila muuguzi liandikwe, kando ya kipimo cha presha cha kila mwaka, idadi ya naiti alizofanya. Idadi hiyo tayari imo katika ratiba za zamu zinazobandikwa ukutani kila mwezi, kisha zikabanduliwa na kutupwa.