Kiatu Kilichoitwa Mmaasai

Nilivinunua Gikomba kwa shilingi 1,200, baada ya kuvutana bei na muuzaji hadi akachoka. Raba nyeusi, nzito, soli nene iliyopinda chini kama mguu wa kiti cha kubembea. "Hizi ni za madaktari, bro," akaniambia. "Kama mgongo unakusumbua, zinakunyoosha." Nilikuwa namtafutia mamangu, ambaye husimama tangu alfajiri akiuza mboga, na kifundo cha kidole gumba cha mguu humuuma kila akikikunja. Nilipofunua ulimi wa kiatu nikaona herufi tatu, MBT, ambazo kirefu chake kwa Kiswahili ni kama kusema teknolojia ya Wamaasai ya kutembea pekupeku. Nikacheka palepale sokoni. Mmaasai gani huyo?

Kumbe aliyevibuni ni Mswisi, mhandisi anayeitwa Karl Müller. Alikuwa ameishi Korea Kusini, na mwili ulikuwa unamsumbua. Kutembea pekupeku kwenye mashamba ya mpunga, mguu ukizama matopeni, kulimpa nafuu. Aliporudi kwao akatafuta namna ya kuyaweka matope yale ndani ya kiatu: kisigino laini kinachobonyea, na soli ya duara inayokulazimisha kujisawazisha kila hatua. Viatu vilianza kuuzwa mwaka 1996. Vingeweza kuitwa viatu vya mpunga, au vya Kikorea. Vikapewa jina la Wamaasai.

Sababu si ngumu kuiona. Nani Ulaya angelipa zaidi ya dola 200 kwa ajili ya tope? Lakini Mmaasai mrefu, mgongo wima, anayevuka nyika bila kuchoka, hiyo ni picha iliyokwisha kuuzwa miaka mingi kwenye kadi za posta na matangazo ya safari. Walichofanya ni kuishonea soli. Ukifika Kajiado wakati wa kiangazi, ardhi ni ngumu kama sakafu na miiba haina huruma. Hakuna cha kubonyea. Na Mmaasai hatembei pekupeku hapo. Anavaa akala, kipande cha tairi kilichokatwa na kufungwa mikanda.

Halafu pesa zikanoga na wakubwa wakaingia. Skechers wakatoa Shape-ups mwaka 2009, Reebok nao wakawa na EasyTone. Sasa haikuwa tena habari ya mgongo, ilikuwa makalio: tembea tu, mwili utajichonga wenyewe. Mwaka 2011 Kim Kardashian akaonekana katika tangazo la Shape-ups wakati wa Super Bowl. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, La Crosse, walikuwa wamelinganisha viatu vya namna hii, MBT vikiwemo, na raba ya kawaida, na hawakuona faida yoyote ya maana katika misuli wala katika nguvu mwili unayotumia. Reebok wakakubali kulipa dola milioni 25 mwaka 2011, Skechers milioni 40 mwaka 2012, kumaliza kesi za tume ya Marekani inayolinda wanunuzi. Mwaka huohuo wa 2012 kampuni ya Uswisi iliyouza MBT ikafilisika, na jina likauzwa Asia.

Wanunuzi wa Marekani walirudishiwa pesa kwa sababu walidanganywa. Sawa. Ila wenye jina, je? Wazee wa Kimaasai wa Kenya na Tanzania wameungana katika chombo kinachoitwa Maasai Intellectual Property Initiative, wanadai kwamba atakayetumia jina lao aombe ruhusa na alipe. Kampuni moja ya nguo ya Uingereza, Koy, ilikubali kulipa. Moja.

Nisiseme uongo lakini: soli ya duara ina kazi yake. Madaktari huipendekeza kwa watu wenye kisukari, na kwa wale ambao kidole gumba kimekakamaa, maana kiatu kinabingirika badala ya mguu kukunjika. Mamangu alipovivaa mara ya kwanza alishika ukuta. "Hivi umeniletea viatu ama mtumbwi?" Wiki ya pili akaacha kulalamika kuhusu kidole. Mgongo bado unamuuma, na hajanyooka popote.

Baada ya miezi minane kisigino laini kilikuwa kimelika upande mmoja. Nikavipeleka kwa fundi wa pale steji, nikamwuliza kama anaweza kurudishia soli yenye kupinda vile. Akakigeuza kiatu, akakibonyeza, kisha akavuta kipande cha tairi kuukuu kutoka chini ya benchi.

"Tairi inakuja ikiwa imepinda yenyewe," akasema. "Si hata akala mpya hukaa hivyo?"

Akaitisha shilingi 300. Nikampa 250.