Shule Zilizokosekana na Akili za Wazee wa Garissa

Mtoto wa mfugaji aliyezaliwa karibu na Modogashe, Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, mwaka 1950 alizaliwa katika eneo lililofungwa. Tangu 1926 serikali ya kikoloni ilikuwa imeifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, maarufu kama NFD, kuwa mahali ambapo mgeni haingii wala mwenyeji hatoki bila kibali. Sheria ya wilaya maalumu ya 1934 ikaongeza makali. Shule za serikali katika nchi yote hiyo zilihesabika kwa vidole. Kama mtoto huyo yu hai leo, ameshavuka miaka sabini. Akianza kusahau majina ya wajukuu, jamaa watasema ni uzee tu, au kwamba mzee amerudia utoto.

Madaktari huiita hali hiyo shida ya akili (dementia), na si kila mzee huipata. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, yakishughulikiwa yote, yangezuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya visa duniani. Linalotangulia katika maisha ya mtu ni elimu duni ya utotoni: ubongo uliozoeshwa kusoma mapema hujiwekea akiba, na maradhi yanapoanza, dalili huchelewa kuonekana. Mengine ni presha, kisukari, sigara, uziwi, macho yasiyotibiwa, kukaa bila kutembea, upweke. Pombe nayo imo, ila hiyo Garissa si tatizo kubwa.

Ukiisoma orodha hiyo ukiwa Garissa, unasoma pia historia ya siasa.

Uhuru ulikuja Desemba 1963, na kabla ya mwezi kwisha eneo hilo likawekwa chini ya hali ya hatari. Vita vya Shifta, vya kutaka eneo hilo lijiunge na Somalia, vikafuata hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Katikati ya vita hivyo, mwaka 1965, serikali ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10, ulioelekeza fedha za maendeleo kwenye sehemu zenye ardhi na mvua nzuri, usafiri, umeme, na watu walio tayari kupokea maendeleo. Kwa kipimo hicho nchi ya ngamia ilishindwa kabla ya kushindana. Wanauchumi waliuona waraka huo kama hesabu ya faida. Kwa mtoto wa Modogashe maana yake ilikuwa kwamba mwalimu hatafika.

Hata hivyo, kusema watoto hao hawakusoma ni kuwaonea. Walikuwa na duksi, yaani chuo cha Kurani. Mwalimu alihama na kambi, na kila mtoto alishika looh, ubao wa mti unaoandikwa aya kwa wino wa mkaa. Aya ikishakaa kichwani, ubao unaoshwa kwa maji na kuandikwa upya, hata Kurani nzima ikapita juu yake. Nyumbani mtoto alifundishwa kutaja nasaba yake, baba kwa babu, vizazi vingi nyuma bila kukwama. Je, kuhifadhi kwa namna hiyo hulinda ubongo uzeeni? Utafiti mwingi unaotegemewa umehesabu miaka ya darasani peke yake, na mizani hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya duksi.

Kisha miguu nayo ikasimama. Wakati wa vita serikali iliwakusanya wafugaji kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa, na mifugo mingi ikaangamia. Ukame uliofuata, ukiwemo wa 1984 na wa 2011, ukawasukuma wengine kwenye mabula, yaani vitongoji vya pembezoni mwa mji. Aliyekuwa akitembea kutwa nyuma ya ngamia sasa anakaa kivulini na chai ya maziwa iliyojaa sukari. Presha na kisukari hupenda maisha ya namna hiyo, na vyote viwili huharibu mishipa inayolisha ubongo.

Hali ya hatari iliondolewa 1991. Mwaka 2011 Garissa ikapata chuo kikuu kishiriki cha umma, cha kwanza katika kanda, na tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wakaua watu 148 humo, wengi wao wanafunzi. Miezi michache kabla, walimu walikuwa miongoni mwa abiria 28 waliouawa ndani ya basi Mandera. Walimu wengi wa kutoka nje wakakataa kurudi, na madarasa yakabaki bila wa kufundisha. Waliokuwa darasa la kwanza mwaka 2015 watafika miaka sabini karibu na 2080.

Kwa hiyo kaunti ikitaka kupunguza shida ya akili uzeeni, ianze na mambo mawili yasiyohitaji mtaalamu wa ubongo: kipimo cha presha katika kila zahanati na hata soko la mifugo, na mwalimu anayelindwa vya kutosha asiombe uhamisho.