Arusha na Biashara ya Silaha

Arusha, jiji lililo chini ya Mlima Meru nchini Tanzania, ndiko ulikotiwa saini Mkataba wa Amani wa Rwanda tarehe 4 Agosti 1993, na ndiko kesi za mauaji ya kimbari ya 1994 zilikosikilizwa baadaye, katika jengo la Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha (AICC). Umoja wa Mataifa ulipiga marufuku kuipelekea Rwanda silaha tarehe 17 Mei 1994. Mwezi uliofuata Kanali Théoneste Bagosora, ofisa wa Wizara ya Ulinzi ya Rwanda, alifika Shelisheli na hati iliyoonyesha kwamba mnunuzi ni Zaire; safari mbili za ndege zikapeleka tani zipatazo 80 hadi Goma, mpakani kabisa mwa Rwanda. Karatasi moja ilitosha kulipita azimio la Baraza la Usalama.

Wapo wanaosema kwamba wengi waliuawa kwa mapanga, kwa hiyo wauza silaha hawana la kujibu. Hoja hiyo haisimami. Bunduki na maguruneti ndivyo vilivyovunja nguvu za waliojikusanya makanisani na vilimani, kama Bisesero, mapanga yakafuata. Bagosora alihukumiwa Arusha, na rufaa ya 2011 ikamwachia kifungo cha miaka 35, lakini dalali na wauzaji wa shehena ile hawakupandishwa kizimbani hapo. Hilo ni pengo zito, maana muuaji asiye na kiwanda hutegemea mwenye nacho. Mkataba wa Biashara ya Silaha, unaokataza kuuza silaha pale inapojulikana zitatumika kwa mauaji ya kimbari, ulianza kutumika Desemba 2014, miaka 20 baada ya mauaji ya Rwanda.