Jinsi wanafizikia walivyomwondolea mwandishi ada

Mtafiti akitaka makala yake isomwe bure na kila mtu, majarida mengi humtumia ankara. Jarida la Nature lilipofungua mlango huo mwaka 2021 liliweka ada ya yuro 9,500 kwa makala moja, kiasi ambacho mhadhiri wa Afrika Mashariki hawezi kukitoa mfukoni mwake na idara yake mara nyingi haina. Wachapishaji hutetea ankara hiyo kwa hoja moja: msomaji asipolipa, mwandishi hana budi kulipa. Historia ya fizikia haiungi mkono hoja hiyo. Jarida la Physical Review la Marekani lilianza kutoza ada kwa kila ukurasa mwaka 1930, na bado maktaba ziliendelea kulinunua. Mwandishi alilipa, msomaji naye akalipa. Kwa hiyo ada ya mwandishi haikuzaliwa ili kumpunguzia msomaji gharama. Ilikuwapo miongo mingi kabla ya wazo la kumruhusu msomaji asome bure kuenea. Fani hiyo hiyo ndiyo baadaye ilipata njia ya kuwaondolea gharama wote wawili, na iliweza kwa sababu makala zilikuwa zimekwisha kutoka mikononi mwa wachapishaji kabla bei haijaanza kujadiliwa.

Zilitokaje? Majarida yalichelewa mno. Kufikia miaka ya 1960, watafiti wa fizikia ya chembe walikuwa na desturi ya kupiga chapa kazi zao, kuzirudufu na kuwapelekea wenzao kwa posta miezi kadhaa kabla ya jarida kutoka. Maabara ilibeba gharama za karatasi na stempu, na mtumaji ndiye aliyeamua nani apate nakala. Desturi hiyo ilikuwa ya ukarimu, lakini ukarimu wa watu wanaojuana. Aliyekuwa katika maabara ya CERN, karibu na Geneva, au ya SLAC huko California alisoma mapema. Asiyekuwa kwenye orodha ya mtu alisubiri jarida, kama maktaba yake ililinunua. Mwezi Agosti 1991, Paul Ginsparg wa maabara ya Los Alamos aliweka kompyuta iliyopokea rasimu hizo na kumpa yeyote aliyeziomba. Alitazamia makala 100 hivi kwa mwaka. Zikafika mia kadhaa katika miezi michache tu. Hazina hiyo, ambayo leo inaitwa arXiv na ambayo mwaka 2001 ilihamia Chuo Kikuu cha Cornell, ilivuka makala milioni mbili mwanzoni mwa 2022. Kuweka makala humo ni bure, kuisoma ni bure.

Hapa msomaji makini atauliza: kama kila kitu kimo arXiv, majarida ni ya nini tena? Yanahitajika kwa sababu arXiv haifanyi mapitio ya kina. Huchuja tu yasiyofaa kabisa, na kamati za ajira na za kupandisha vyeo bado zinataka kazi iliyopitiwa na wataalamu. Mapitio yanahitaji wahariri, wahariri wanahitaji mishahara, na nia njema pekee haikutosha kuwalipa. Mwaka 1997 taasisi ya SISSA ya Trieste, Italia, ilianzisha JHEP, jarida la mtandaoni lililoendeshwa na wanasayansi wenyewe bila kumtoza mwandishi wala msomaji. Lilipendwa upesi, kazi ikazidi uwezo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 likaingia ubia na mchapishaji wa Uingereza, maktaba zikaanza kutozwa.

Somo la JHEP halikupotea. CERN iliona kwamba fedha tayari zipo, ila zimetawanyika katika maktaba elfu kadhaa, kila moja ikinunua majarida yale yale ya fizikia ya chembe. Mpango wa SCOAP3, ulioanza kazi Januari 2014, ulizikusanya fedha hizo katika mfuko mmoja. Kila nchi huchangia kwa kadiri ya makala zinazoandikwa na watu wake. Wachapishaji walishindana kwa zabuni, na mfuko hulipa kwa kila makala iliyochapishwa. Majarida ya Physical Review yalijitoa mwaka 2013, kisha yakaingia 2018. Leo mfuko unaungwa mkono na maktaba zaidi ya 3,000 katika nchi zaidi ya 40. Mchapishaji alikuwa na sababu ya kukubali: bidhaa yake ilikuwa tayari inasomwa bure kwa sura nyingine, na maktaba zingeweza kuacha kuinunua.

Pingamizi zito ni kwamba mfuko huu unafaa fani ndogo yenye majarida machache na desturi moja. Ni kweli kwa sehemu. Fizikia ya mango ni pana na imetawanyika, na haijapata mfuko kama huo. Hata hivyo SciPost, taasisi ya uchapishaji iliyoanzishwa na Jean-Sébastien Caux wa Chuo Kikuu cha Amsterdam na kuanza kuchapisha 2016, inahudumia tanzu nyingi bila ada yoyote, kwa michango ya vyuo na mashirika. Udhaifu wake ni wachangiaji: chuo kinaweza kunufaika na kisitoe hata senti. SciPost huweka hadharani makala zilizotoka kila taasisi pamoja na mchango wake, na mimi naona aibu ya namna hiyo ni halali kabisa.

Wachapishaji nao hujibu kwamba nchi maskini husamehewa ada. Msamaha huo kwa kawaida hufuata madaraja ya Benki ya Dunia: nchi za chini kabisa husamehewa yote, zinazofuata hupunguziwa tu. Kenya ilipanda daraja 2015, Tanzania 2020. Bajeti za idara za fizikia hazikupanda nazo siku hiyo. Tena mara nyingi msamaha huombwa, na anayeombwa anaweza kukataa. Anayepeleka JHEP, ambalo sasa hulipiwa na mfuko wa SCOAP3, makala ya fizikia ya chembe kutoka Kigali, Nairobi au Dar es Salaam halipi kitu, na hana barua ya kumwandikia mtu.