Barakoa ya Tabaka: Kuficha Bila Kufuta

Studio nyingi za picha husema "leya" na "maski", na mafundi wanaelewana. Kwa leya, tabaka linatosha. Ni neno lilelile tulilozoea katika tabaka la ozoni. Photoshop, iliyoingia sokoni 1990, ilipata matabaka katika toleo la 3 mwaka 1994. Tangu hapo fundi akaweza kulaza vipande vya picha kimoja juu ya kingine na kukihariri kila kimoja peke yake.

Maski ndiyo inayohitaji kufikiriwa. Kinyago hakifai, maana kinyago kina sura yake. Barakoa inafaa zaidi. Wanawake wa Oman na wa pwani yetu wameijua tangu zamani, na 2020 korona ikaifikisha hadi ndani ya daladala. Huufunika uso bila kuubadilisha. Ukiivua, uso ni uleule. Barakoa ya tabaka nayo haigusi picha yenyewe. Ni ramani ya weupe, weusi na kijivu iliyoambatanishwa na tabaka: palipo peupe tabaka linaonekana, palipo peusi limefichika, penye kijivu linaonekana nusunusu.

Chukua picha ya paspoti. Mteja amepigwa mbele ya ukuta wa kijani, naye anatakiwa kuwa na mandharinyuma nyeupe. Fundi mwenye haraka hushika kifutio, na kifutio hula ncha za nywele pamoja na ukuta. Akishahifadhi na kufunga faili, nywele hizo hazirudi tena. Anayetumia barakoa huweka tabaka jeupe chini, kisha hupaka weusi kwenye barakoa pale palipo na ukuta. Akipitiliza, hubonyeza X ili rangi ya brashi igeuke nyeupe, akapaka tena, na nywele zikarejea zote. Kwenye nywele za timutimu, brashi iwe laini na rangi iwe ya kijivu. Ukingo mkali humfanya mtu aonekane amekatwa kwa mkasi.

Ukiona weusi unatokea usoni mwa mteja, ujue unapaka kwenye tabaka lenyewe. Tendua, bofya kijipicha cha barakoa, ndipo uendelee.

Wanaotumia GIMP, programu isiyolipiwa, hukutana na kero nyingine: wakifungua JPEG na kufuta, hutokea rangi badala ya uwazi. Tabaka hilo halina chaneli ya alfa, yaani ile inayobeba uwazi. Iongeze kupitia menyu ya tabaka, sehemu ya uwazi.

Na kabla hujamtolea mteja JPEG yake, hifadhi kwanza faili la kazi kwa XCF kama unatumia GIMP, au PSD kama ni Photoshop. JPEG hubana kila kitu kuwa tabaka moja, na barakoa yako haitakuwamo.