Magenge ya Mto Mara na Ngome za Mawe

Katika nchi ya Tarime na Serengeti, mkoani Mara, mto haukupata kuwa pambo la macho tu. Ulikuwa mpaka wa koo na koo, mnyweo wa mifugo, njia ya wasafiri na ya wavamizi, na pale kingo za bonde zilipoinuka zikawa magenge, nchi ile ilikuwa sitara ya watu na ng'ombe wao katika siku za hatari. Mgeni afikaye Kogatende, kando ya mto huo, kati ya Julai na Oktoba huja kutazama nyumbu wakijitosa majini mbele ya mamba, na ni ajabu ya haki kutazamwa. Lakini tarihi ya wanadamu waliokaa juu ya bonde hilo, iliyoachwa vilimani kwa mawe, aghalabu humpita asiijue, wala hapana amwambiaye.

Chemchemi za Mto Mara ziko katika misitu ya Mau nchini Kenya, ambako vijito vya Nyangores na Amala huanzia kabla ya kuungana, na mwendo wake wote hadi Ziwa Viktoria ni kiasi cha kilomita 395. Ukiisha kukata malisho ya Wamasai, mto hupita chini ya genge la Isuria, ukuta mrefu uliofanyika ardhi ilipopasuka, upande mmoja ukatitia na wa pili ukasimama. Kisha huvuka mpaka, hugeuka kuelekea magharibi, na kufuata mguu wa genge jingine, la Utimbaru, mpaka upotelee katika mafunjo na kutokea ziwani karibu na Musoma. Juu ya magenge hayo, sehemu kubwa ya nyanda za Tarime imefunikwa na jiwe la volkano la zama za mbali mno, gumu, la rangi ya majivu, ambalo likivunjika hutoa vipande bapa vyenye makali, na likigongwa kwa nyundo hulia kama chuma. Vijito vinavyoshuka kutoka huko juu, kama Tigithe wa Nyamongo, vimechimba makorongo yao wenyewe wakati vikiutafuta mto mkubwa.

Mteremko huo ulifanya nchi mbili ndani ya nchi moja. Juu kuna mvua ya kutosha, migomba, mahindi na kahawa. Chini kuna joto, nyasi ndefu, mtama na ulezi, wanyama wa mwitu na mbung'o. Mtu aliyetaka kuishi vema alihitaji zote mbili, na kwa hiyo njia za kupanda na kushuka magenge zilikuwa mali ya thamani, zikajulikana na kulindwa.

Thamani hiyo ilidhihirika hasa katika karne ya 19, wakati vikosi vya Wamasai vilipokuwa vikivuka mbuga kutoka mashariki kuja kuteka ng'ombe. Wakurya wa upande wa kaskazini ya mto, na Wangoreme wa vilima vya kusini yake, hawakuwa na mfalme wa kuwakusanyia jeshi. Shauri lilikuwa mikononi mwa wazee wa kila ukoo, na baraza la siri liitwalo inchama ndilo lililopima mambo ya vita na ya amani. Walichofanya ni kuihamisha miji yao vilimani na kuizungushia kuta za mawe. Atakayeutazama kwa karibu ukuta wa namna hiyo ataona kwamba haukufungwa kwa udongo wala kwa chokaa: jiwe limekalia jiwe kwa uzito wake na kwa jicho la aliyelichagua, na kokoto zimeshindiliwa katika nafasi zilizobaki. Kazi kama hiyo haifanywi na mtu mmoja wala na nyumba moja. Palipo na ukuta wa namna hiyo palikuwa na shauri, ugawaji wa zamu, na utii kwa wazee. Kwa maoni yangu huo ni ushahidi wa kutosha kuwajibu waliopata kudai kwamba watu hawa waliishi bila serikali.

Wala ufundi huo haukuwa wa hapa peke yake. Ng'ambo ya mpaka, katika Kaunti ya Migori, upo mji wa mawe wa Thimlich Ohinga, unaodhaniwa kuwa wa karne ya 16, ambao kuta zake hufikia zaidi ya mita 4 kwenda juu, nayo milango yake ni mifupi na myembamba hata mtu huingia ameinama, akiwa hana uwezo wa kunyanyua silaha. Mwaka 2018 mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Ngome ziliweza kumzuia mtu, lakini hazikuweza kuzuia maradhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki, ndui na njaa zikafuata, na mwaka 1892 msafiri Oscar Baumann, alipozipita nchi za Ngorongoro na Serengeti, aliwakuta Wamasai wenyewe, waliokuwa tishio la kila kilima, wamebaki mifupa na ngozi wakiomba chakula. Mashamba yaliachwa, vichaka vikarudi, na mbung'o wakafuata vichaka. Hivyo sehemu ya pori ambalo wageni waliokuja baadaye walilidhania kuwa halijaguswa na mkono wa mtu tangu kuumbwa dunia, ilikuwa maskani iliyokimbiwa. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Hata wingi wa nyumbu una mnasaba na maafa hayo, kwa maana sotoka iliendelea kuwaua hadi ilipodhibitiwa katika miaka ya 1960, na kutoka kiasi cha robo milioni mwaka 1961 walizidi milioni moja kabla ya kuisha miaka ya 1970.

Katikati ya misiba hiyo mpaka mpya ulikuja kwa kalamu. Kwa mapatano ya 1886, yaliyokamilishwa mwaka 1890, Waingereza na Wajerumani walivuta mstari ulionyooka kutoka Kilimanjaro hadi ziwani, bila kuuliza genge wala mto, na Wagumbe, Wakira, Wanyabasi na Wairege wakajikuta kila ukoo una watu wake pande mbili. Waingereza walipotawala baadaye waliuheshimu mto kidogo zaidi, wakaiita wilaya ya Tarime North Mara, jina ambalo leo limebakia katika mgodi wa dhahabu wa Nyamongo. Lakini mstari ule ulizaa faida mbaya: ng'ombe aliyeibwa upande mmoja, akishushwa usiku katika makorongo na kupandishwa upande wa pili, alikuwa amekwisha kuikimbia sheria. Bonde lililokuwa kinga ya mifugo likawa njia ya kuiibia.

Kusini ya mto Wajerumani walijenga boma la Ikoma, ambako mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kikosi cha afisa wao Naumann kilipigana na askari wa Wabelgiji, na magofu yake yangalipo. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na katika miaka ya 1960 nchi ya Lamai, iliyo kati ya mto na mpaka wa Kenya, ikaingizwa ndani yake, na Wakurya waliokuwa wakiitumia wakaondoka. Sipingi uhifadhi, kwa kuwa bila huo nyumbu na mto vingeharibika. Nasema tu kwamba aliyeondolewa alikuwa na historia pale, na historia hiyo haikuhifadhiwa pamoja na wanyama.

Mawe yasiyofungwa kwa udongo ni rahisi kubebwa kwenda kujengea misingi ya nyumba mpya, na wazee wanaojua majina ya vivuko na ya walinzi wa njia wanapungua kila mwaka. Walimu wa Tarime na Mugumu wawatume wanafunzi wao, daftari mkononi, kwenda kuwasikiliza; na wakuu wa mambo ya kale wapande vilima vya Ngoreme na Utimbaru wakazipime kuta hizo, waziandike na kuziwekea alama, kama majirani zetu wa Migori walivyokwisha kufanya.